Kengele Tuliyoiweka Chini

Nina ulimi mbaya, na ninajua. Mpishi wa hoteli akinionyesha jiko lililoziba kwa mafuta, simwambii pole. Namuuliza kama jikoni kwake wanapika au wanaosha miguu. Wananivumilia kwa sababu mafundi wa gesi wanaojua kazi hapa Gisenyi si wengi, na kwa sababu hakuna nyumba niliyoifungia gesi ikaungua. Hilo la pili nilikuwa nalisema kila mahali. Siku hizi nalisema mara chache.

Kazi ninayotaka kuieleza niliifanya kwa dada yangu mkubwa, Rugerero. Sisi wawili tulizaliwa Goma, tukarudi Rwanda na wazazi, tukabaki na Kiswahili cha kule, ambacho yeye hukificha ofisini na kukitoa akikasirika. Ni mtu wa ofisi, ana suti tatu na sauti moja, na kanisani ndiye anayesimamia wamama. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na garaji lisilo na gari. Akalifanya bustani ya ndani: rafu mpaka darini, taa za rangi ya zambarau, plastiki nyeupe kuta zote, na humo saladi, stroberi na nyanya ndogo zile ambazo hoteli za ziwani hupamba nazo sahani. Wageni walipokuja aliwaonyesha bustani kabla ya kuwaonyesha sebule.

Nimesema bustani yake, lakini aliyefanya kazi humo ni mumewe. Shemeji yangu ni mtu wa Bugeshi, mrefu kiasi cha kuinama milangoni, mpole, wa polepole. Kabla ya kuoa alichunga kondoo, na dada yangu hakumwacha asahau. Kila asubuhi alipanda kwenye benchi, kichwa kikawa karibu na dari, akafunga nyanya kwa kamba moja moja na kuzisemesha kwa Kinyarwanda. Nilimcheka kwa hilo pia.

Kisha binamu yetu aliyeko Ulaya akamtumia dada mashine. Ni sanduku la bati lenye majiko madogo manne ndani yake. Linachoma gesi ya mtungi, moto unatoa hewa ya ukaa, na mimea, ambayo chakula chake ndiyo hewa hiyo, inakua kwa kasi. Dada alinipigia simu akiwa ofisini kwake, kwa hiyo alizungumza kiserikali: nije nifunge, na nisilete maneno yangu.

Nilifunga vizuri. Nasema hivi si kwa kujitetea, ni kwa sababu mambo mengi niliyafanya sawasawa, na ndiyo yaliyonipa kiburi. Mtungi niliuweka nje ya ukuta, umesimama, umefungwa mnyororo, kivulini. Mpira nikaupitisha kwenye bomba ili panya wasiutafune. Kila kiungo nikakipaka povu la sabuni na kulitazama mpaka likakauka, maana nimeshaona wanaume wazima wakitafuta gesi inayovuja kwa kiberiti, na mmoja wao hana nyusi mpaka leo. Sanduku nikalitundika kwa minyororo katikati ya chumba, mbali na plastiki. Nikaweka feni. Kipimo cha hewa ya ukaa nikakitundika usawa wa majani, ili mashine ijizime mimea ikishashiba.

Ikabaki kengele. Mashine ya namna hii ikiungua vibaya haitoi hewa ya ukaa peke yake. Inatoa pia ile hewa ya jiko la mkaa, inayowamaliza watu waliofunga madirisha wakalala na moto ndani. Kwa hiyo kuna kengele ndogo nyeupe ya kuinusa hewa hiyo, ipige kelele. Nilikuwa nayo mkononi, natafuta ukuta, shemeji aliposema, akiniita muramu, yaani shemeji, kama tunavyoitana:

"Muramu, weka chini. Karibu na muguu."

"Kwa nini chini?"

"Mazuku iko nalala chini."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Mazuku ni hewa ya volkano inayojaa kwenye mashimo ya mawe, haionekani, hainuki. Mbuzi anashuka kula majani na hapandi. Mtoto anamfuata mbuzi. Tangu tukiwa wadogo tulifundishwa kwamba hewa mbaya iko magotini, kwamba mtu aliyesimama wima anapona, na kwamba ukimwona mnyama ameanguka shimoni usiiname. Shemeji alipoteza kondoo wawili hivyo. Mimi mama yangu alikuwa akinishika sikio tukipita sehemu hizo, kichwa changu kibaki juu.

Karatasi ya mashine ilikuwa na picha ya mtu aliyesimama na kengele usawa wa pua yake. Niliiona. Chini ya picha kulikuwa na Kiingereza kingi, na Kiingereza changu ni cha kusoma majina ya vipuri. Kwa sekunde moja nilifikiri. Kisha nikaona jinsi ukuta ulivyo mgumu kule juu na jinsi ulivyo laini karibu na mlango, na yale niliyofundishwa kwa kushikwa sikio yakaja yenyewe. Nikapiga misumari miwili usawa wa kifundo cha mguu, kando ya mlango, mahali upepo wa uani unapoingilia chini ya ubao. Nikamwambia shemeji kwamba leo kwa mara ya kwanza kondoo wake wamemfundisha kitu.

Kwenye sanduku la mashine kulikuwa pia na kimfuko cha vitundu vya shaba, vile gesi inapotokea, ambavyo sisi tulioanzia kazi Goma tunaviita zhikleri. Vilikuwa na matundu madogo kuliko vilivyofungwa ndani. Nikavitia kwenye boksi langu la vyombo, nikidhani ni akiba. Moto ulikuwa wa buluu. Niliupima kwa kipimo changu cha mkononi, kinachonusa ile hewa ya jiko, kwa dakika tano, mlango ukiwa wazi. Kisha nikala, nikaenda zangu. Nikiwa mlangoni nilimwambia dada mtu asikae sana humo mashine ikiwaka. Nilisema kama mtu anavyosema safari njema.

Saladi zilikua mpaka watu wakaja kupiga picha. Na baada ya wiki kama tatu shemeji akaanza kuumwa kichwa.

Aliniambia mwenyewe, uani, ameshika paji la uso. "Iko nagonga huku, muramu. Kama mutu iko napasua kuni ndani." Nikamwambia anywe maji. Wiki iliyofuata alisahau ufunguo mlangoni, kisha akaangusha trei nzima ya miche, kisha akamwita mkewe kwa jina la mama yake mbele ya wageni. Alikuwa akitoka garajini anayumba, macho mekundu. Dada alimnusa mdomo. Hakunuka kitu, na hilo kwake lilikuwa ushahidi kwamba amejifunza kuficha. Alichukua chupa ya mvinyo wa ndizi iliyokaa kabatini tangu ubatizo wa mtoto wa jirani, akaimwaga mbele yake. Shemeji aliitazama ikimwagika, akasema kwa upole kwamba ilikuwa imefungwa.

Kila Jumamosi alikuwa anapanda Bugeshi kumwona mama yake, na kule kichwa kilipoa. Akirudi Jumatatu, kinaanza. Mtu yeyote mwenye akili angesimama hapo. Dada yangu, aliyesoma kuliko sisi wote, alisimama hapo kweli, akasema: "Kwa mama yake ni muzima. Kwa kazi ni mugonjwa. Ile ni ugonjwa gani kama haiko uvivu?" Nikaona amesema jambo. Alianza kumfungia mlango kwa nje asubuhi mpaka kazi iishe, ili asitoke kila mara kwenda kukaa juani, na ili hewa ya mashine isipotee bure. Hilo niliambiwa na yeye mwenyewe, kwa kujisifu, na sikusema kitu.

Nilichosema mimi nilikisema mezani, Jumapili moja ambayo dada alikuwa amembakiza kwa kazi ya bustani, baada ya ibada. Walikuwapo wamama wanne wa kanisa na waume zao. Shemeji aliomba ruhusa aende alale kwa sababu ya kichwa. Nikasema: "Muache akilaze. Masikini kichwa yake, miaka yote imebeba kofia tu, sasa banaiomba ifikiri, ndiyo maana inauma." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Shemeji naye alicheka, wa mwisho, kama mtu anayelipokea jambo kwa mikono miwili. Kisha akaenda kulala. Nilijiona hodari sana.

Siku chache baadaye dada alinipigia simu. Kengele inalia. Imelia jana, imelia leo, majirani wanauliza. Nikamuuliza iko wapi. Akasema mumewe ameing'oa kando ya mlango na kuiweka kwenye rafu ya juu, karibu na anapofanyia kazi, eti anaona ubaya uko kule juu. Na anasema moto umebadilika rangi.

"Nipe yeye," nikasema.

"Muramu," akasema shemeji, na sauti yake ilikuwa nzito, "ile moto haiko bleu tena. Iko jaune kwa juu. Na huku chini mi naona muzima. Nikipanda benchi ndiyo inanishika."

Nataka ieleweke alichonipa. Alinipa rangi ya moto, buluu iliyogeuka manjano, alinipa mahali, alinipa na wakati inapomshika. Nina wanafunzi wa ufundi ambao hawajawahi kuniletea taarifa nzuri kama ile. Na kengele juu ya rafu ilikuwa inapiga kelele nyuma yake, nikaisikia kwa masikio yangu kwenye simu.

Nikasema: "Kwa hiyo umebadilisha kazi yangu."

"Nilijaribu tu."

"Kondoo yako ilikufia wapi? Juu ya muti? Rudisha ile chombo chini. Kule juu inasikia joto ya mashine, ndiyo maana inalia. Na we uache kuangalia moto, angalia nyanya."

Aliirudisha. Kando ya mlango, palipokuwa na upepo wa uani, kengele ilinyamaza. Dada akanitumia ujumbe wa asante.

Mwezi mmoja baadaye shemeji alianguka kutoka kwenye benchi. Alikutwa amelala kati ya rafu, uso umegeukia mlango. Pengine kule kuanguka ndiko kulikomwokoa. Siku ile nisingeweza kukwambia hivyo, kwa sababu siku ile nilikuwa upande wa dada. Kanisani alisimama mbele, maikrofoni mkononi, akaomba waumini wamwombee mumewe aliyeshindwa na pombe. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Ijumaa alimfungia nguo zake, akamwitia pikipiki, akamrudisha kwa mama yake Bugeshi mpaka atakapojirekebisha. Mimi ndiye niliyembebea begi hadi kwenye pikipiki. Alinishukuru.

Kazi ya bustani akapewa mama mmoja jirani, aliyekuja jioni tu, mashine ikiwa imezimwa na milango wazi. Hakuumwa kichwa, na dada akaona amethibitishwa.

Halafu nyanya zikaanza kudondosha maua. Majani yakajikunja kama mkono wa mtu mwenye baridi yabisi. Hapo ndipo niliitwa haraka. Kichwa cha mume kiliuma miezi miwili sikuitwa, maua yalidondoka siku mbili nikatumiwa pikipiki.

Nilifika asubuhi, nikaiwasha mashine, nikafunga mlango ili nione kama inavyofanya kazi kila siku. Nikapanda kwenye benchi lile lile kufungua kifuniko. Moto ulikuwa wa manjano, ndimi ndefu, na masizi yametanda ndani ya bati. Mkononi nilikuwa na kipimo changu. Kilianza kulia kabla sijakisogeza. Nilishuka, kikapunguza. Nilichuchumaa kando ya mlango, kikanyamaza, na pale mbele ya macho yangu kulikuwa na kengele nyeupe, kimya, taa yake ya kijani inawaka kwa raha.

Nilizima, nikafungua mlango, nikatoka nje, nikakaa chini.

Hewa ya jiko si mazuku. Hailali. Inachanganyika na hewa tunayovuta, na ikitoka kwenye moto inapanda na joto lake mpaka darini, kule alikokuwa mtu mrefu juu ya benchi. Kinacholala chini ni gesi ya mtungi ikivuja, na hiyo ina kengele yake nyingine, ambayo sikuinunua. Kengele ya hewa ya jiko inakaa usawa wa pua. Hata picha ilisema. Na moto ulikuwa wa manjano kwa sababu mashine ilitengenezwa kwa nchi za chini, na huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ile ile inakosa hewa ya kuiunguza yote, na kadiri masizi yanavyojaa ndivyo inavyozidi. Dawa yake ni vile vitundu vidogo vya shaba. Vilikuwa kwenye boksi langu muda wote, chini ya koleo.

Nilivibadilisha siku hiyo hiyo. Nikasafisha masizi, nikasubiri na kipimo mkononi mpaka kikanyamaza darini kama sakafuni. Kengele nikaipandisha, nikaongeza ya pili ya chini kwa ajili ya gesi. Nikaandika mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba haruhusiwi mtu kuingia mashine ikiwaka, na kwamba ikizimwa afungue na kungoja kwanza. Dada aliporudi kutoka ofisini aliuliza ni nini. Nikamwambia masizi.

Wiki nzima nilikaa na neno hilo. Kisha nikapanda Bugeshi.

Nilimkuta nje ya nyumba ya mama yake, juani, chini ya mlima, amevaa koti langu la zamani. Aliniita muramu, akanipa kiti chake, akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Nikasema nimekunywa. Nikamweleza yote, bila kuzunguka: moto, vitundu, kengele, simu. Alisikiliza akitazama mikono yake. Katikati ya maneno aliniuliza tena kama nimeshakunywa chai.

"Donc haikukuwa uvivu," akasema mwishowe.

"Haikukuwa."

"Na haikukuwa pombe."

"Haikukuwa pombe, muramu. Ilikuwa mimi."

"Mi nilishaanza kuamini," akasema. "Nilisema pengine niko nakunywa na niko nasahau."

Ningependa angenipiga. Nilimngoja anipige. Badala yake aliomba kitu kimoja, na alikiomba kama anaomba chumvi: "Uende useme pale ulisemea. Mezani. Bale bale basikie. Halafu mi nitarudi."

Nikaahidi. Jumapili nilikaa mezani, na wale wale walikuwapo, na nilikula nyama, na nilichekesha. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili ukatoka utani. Waliponyanyuka nilimfuata dada jikoni, nikamwambia yeye peke yake.

Hakuniita mwongo. Aliketi juu ya ndoo na suti yake, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alisema: "Nilimufungia mulango." Akasema tena hivyo hivyo. Nikadhani basi, amesikia. Kisha nikaona uso wake ukijikusanya, ukarudi ule wa ofisini.

"Kanisa muzima inajua mume yangu ni mulevi. Mi ndiye nilisema, mbele, na mikuro. Unataka nisimame tena niseme nini? Kwamba alikuwa analia iko nakufa, na mi nikamufungia?"

"Nitasema mimi, yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa kule Goma.

"We ulikuwa mezani saa ngapi? Mbona hukusema?" Akasimama, akafungua bomba, akaanza kuosha sahani ambazo kwa kawaida hazioshi. "Muache kule. Kule iko muzuri. Kule kichwa yake haiumi."

Jioni shemeji alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yeye amesema nini?"

Nilikuwa na muda wa kusema ukweli, hakuna aliyenishika koo. Nikasema: "Anakusalimia sana."

"Kweli? Amesema vile?" Na kabla sijajibu nikamsikia akiiacha simu, akimpigia kelele mama yake, mwanamke kiziwi, kwamba mke wake amemsalimia. Alirudia mara tatu mpaka bibi akasikia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa garajini, nasafisha mashine. Pikipiki ikasimama getini. Nilimwona shemeji kupitia ufa wa mlango: amenyoa, amevaa shati jeupe, begi begani, na gunia la viazi vya Bugeshi ambalo hakumruhusu dereva alishushe. Dada alitoka. Walizungumza sauti ya chini, geti likiwa wazi kiasi cha mkono. Shemeji aliangalia pande zote, nadhani alikuwa ananitafuta mimi. Nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, na kitambaa mkononi, na nilikaa pale pale.

Halafu akapanda pikipiki ile ile, begi bado liko begani. Viazi dada alivipokea.